Ini, Pepo na Popo

Katika lugha ya Waswahili moyo umepewa makubwa, lakini ini nalo halikunyimwa fungu lake. Moyo hupenda, hutamani, husitasita; ini ndilo hukatika. Aliyefiwa na mwana hukatika maini, na neno la dharau litokalo kwa mtu wa karibu hukata maini kuliko panga la adui. Washairi wa mwambao wameitumia kauli hiyo tangu na tangu bila ya kuifafanua, kwani hapakuwa na msikilizaji aliyehitaji ufafanuzi. Neno lenyewe ni kongwe, la Kibantu cha zamani mno, na halikuletwa na jahazi. Ajabu ni kwamba yapo maradhi ambayo jina lake huenda lilitoka Unguja likazunguka dunia, nayo hulikata ini kwa maana isiyokuwa ya kishairi hata kidogo.

Maradhi hayo ni homa ya dengue. Mwaka 1870 James Christie, tabibu wa Kiskochi aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alishuhudia homa iliyoingia mjini ikapita nyumba kwa nyumba kwa miezi kadhaa, ikiwakaza watu viungo na kuwatoa vipele. Wenyeji waliiita kidinga pepo. Wazee walimweleza kwamba hawakuwa wageni nayo: waliwahi kuiona katika ujana wao, kiasi cha mwaka 1823. Christie aliliandika jina hilo katika jarida la matabibu wa Uingereza mwaka 1872, kisha akaurudia mjadala wake kwa urefu mwaka 1881. Wengi wanaochunguza asili ya maneno husema kwamba kidinga hiyo ndiyo iliyovuka bahari ikafika visiwa vya Karibi katika mlipuko wa 1827 na 1828, ikakutana huko na neno la Kihispania lenye maana ya madeko na mikogo. Mgonjwa aliyekazwa viungo hutembea kama mwenye maringo, na mzaha ukawa jina.

Jina liliporudi nyumbani lilikuwa limevaa nguo nyingine. Matangazo ya afya ya Tanzania yaliandika kidingapopo. Pepo amekuwa popo! Kosa ni dogo kwa mwandishi wa kamusi, lakini kwa anayesikiliza redio si dogo, maana popo ni mnyama anayejulikana, analala darini na kula maembe, na mtu anaweza kuvuruga usingizi wa popo wote wa kijiji ilhali mbu wa mchana, yule mwenye madoa meupe miguuni, anazaana kwa raha zake katika gurudumu bovu lililo nyuma ya duka. Heri pepo kuliko popo. Pepo angalau hana makaazi ya kubomolewa.

Na kuna fundo jingine. Mwaka 1952 na 1953 homa ya kukunja watu ilizuka katika nyanda za Wamakonde, upande wa Newala, na wataalamu walioichunguza walidhani mwanzoni kwamba ni dengue. Haikuwa. Kirusi kilichopatikana kilipewa jina la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kujikunja. Ndipo baadhi ya wanazuoni, akiwemo Mmarekani Donald Carey mwaka 1971, waliporejea maandishi ya Christie na kusema kwamba ile kidinga pepo ya Unguja, kwa jinsi ilivyoshika viungo na kutoviachia, ilielekea zaidi kuwa chikungunya. Kwa hoja hiyo, Waswahili walitoa jina kwa maradhi moja, dunia ikalivisha maradhi mengine, na Wamakonde wakatakiwa watoe jina jipya kwa yale ya kwanza. Ini lingeweza kusaidia kutofautisha, kwa kuwa chikungunya hukaa katika maungio ya mifupa na kwa kawaida haliumizi ini kama dengue inavyoliumiza; lakini mwaka 1870 hapakuwa na njia ya kulisikiliza ini la mtu aliye hai isipokuwa kwa kumbonyeza chini ya mbavu. Kipimo cha damu kinachoonyesha machungu ya ini kilianza kutumika katikati ya miaka ya 1950.

Kipimo hicho husoma vimeng'enya viwili vinavyojulikana kwa herufi AST na ALT. Makaazi yake ni ndani ya seli. Seli zikipasuka, humwagika katika damu. Kwa mtu mwenye siha hesabu yake haizidi sana 40 kwa lita. Kwa mtu mzima aliyelazwa hospitali kwa dengue, aghalabu hesabu hupanda, mara nyingi hadi mia mbili au tatu, kilele chake kikiwa kiasi cha siku ya sita au ya saba tangu homa ianze, kisha hushuka taratibu kwa wiki mbili au tatu. AST hupanda kuliko ALT, kinyume cha ilivyo kawaida katika maradhi mengine ya virusi vya ini, kwa sababu AST hutoka pia katika misuli, na dengue haiachi msuli. Ikifika 1,000 au zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 huhesabu kwamba ni dengue kali, hata kama mgonjwa hajatokwa na tone la damu. Wanaofikia hapo ni wachache, na wanaofika mahali ini likashindwa kazi kabisa ni wachache zaidi. Lakini uchache huo haumsaidii aliyemo ndani yake.

Ini huumizwa na mambo matatu kwa pamoja. Kirusi chenyewe huingia katika seli zake. Askari wa mwili wanaokuja kukifukuza hubomoa nyumba wakimtafuta mwizi. Na maji ya damu yanapovuja kutoka katika mishipa, ini hupungukiwa na damu ya kulilisha. Watoto huelekea zaidi kuangushwa na huko kuvuja kwa maji. Watu wazima huelekea zaidi kutokwa na damu na kuumia viungo vya ndani, na mwenye ini lililokwisha kuchoshwa na pombe au na virusi vya zamani huanza safari akiwa nyuma.

Tanzania imeyaona hayo karibu. Dar es Salaam ilipata mlipuko mwaka 2010, tena mwaka 2014 ambapo wagonjwa zaidi ya 1,000 walithibitishwa, na mwaka 2019 ambapo Dar es Salaam na Tanga zilibeba sehemu kubwa ya wagonjwa karibu 7,000. Visiwani nako, wachangia damu 500 walipopimwa Unguja mwaka 2011, nusu yao walikuwa na alama ya kwamba dengue iliwahi kuwapitia, na wengi wao hawakujua. Waliugua homa, wakameza dawa za malaria, wakapona, wakazisifu dawa.

Lakini dengue ya mjini haibaki mjini. Litumbandyosi, wilaya ya Mbinga, ni mbali na bahari: imo katika pande za milima ya Umatengo, inayopita mita 1,500, na Ziwa Nyasa lililo kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni karibu kilomita elfu moja, na bado safari haijaisha. Umbali huo ungetosha kuwa ngome, lau si kwamba homa hii hukaa mwilini siku nne hadi kumi kabla ya kujitokeza, na basi huchukua siku moja au mbili. Tena msimu wake mjini ni masika na mara baada ya masika, ndipo kahawa ya Mbinga inapoanza kuiva na walio mbali wanapokumbuka nyumbani.

Na achukuliwe mtu wa kufikirika, mwanamume wa miaka 40 hivi, mwenyeji wa Litumbandyosi anayefanya vibarua Kariakoo. Ameondoka mjini mzima. Siku ya tatu baada ya kufika, homa inamshika, macho yanauma kwa nyuma, mgongo kana kwamba umepigwa. Zahanati inampima malaria. Kipimo kikisema hapana, atapewa kitu cha kutuliza homa. Kikisema ndiyo, atapewa dawa ya mseto, na hapo hakuna atakayetafuta zaidi. Hata hivyo katika nchi ya malaria vimelea vichache katika damu ya mtu aliyevizoea si lazima viwe ndivyo vilivyoleta homa hii. Siku ya tano mwili unapoa. Mama yake anamshika paji la uso na kumwambia, "Baba, homa imetoka, amka ule." Hakuna mama asiyesema hivyo, na katika homa nyingi angekuwa sahihi.

Katika dengue, kupoa huko ndiko kunakofungua mlango wa hatari. Kuanzia siku ya tatu hadi ya saba, homa ikishuka, mishipa huanza kuvujisha maji kwa saa 24 hadi 48, na hesabu ya ini bado inapanda. Mgonjwa anayelalamika tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, anayetapika bila kukoma, anayetokwa na damu ufizini au aliyezubaa asiyetaka kusemeshwa, huyo hajapona. Ini halina maumivu ndani yake. Kinachouma ni utando wake unaovutwa likivimba. Kutoka Litumbandyosi hadi hospitali yenye maabara ya kupima ini, iwe Mbinga, Litembo, Peramiho au Songea, ni mwendo unaohitaji uamuzi wa mapema na nauli, na si rahisi kumshawishi mtu atafute gari kwa ajili ya mgonjwa ambaye mwili wake umepoa.

Hapo katikati ndipo ini linapoongezewa mzigo na wapendao. Parasetamoli ni dawa njema na ndiyo inayofaa kwa homa hii, maana aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huweza kumwaga damu. Lakini vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane kwa saa 24, na kwa ini lililokwisha kuumia, vipungue zaidi. Anayemeza viwili kila mwili unapouma, kisha akanywa dawa ya mafua yenye parasetamoli hiyo hiyo ndani yake, kisha akaletewa bakuli la mizizi na jirani mwenye huruma, amelitwika ini mizigo mitatu kwa jina la tiba. Anachohitaji ni maji, uji, maji ya dafu yakipatikana, mapumziko, na mtu wa kumwangalia akiwa amepoa kama alivyoangaliwa akiwaka.

Akifika hospitali na damu ikasomwa, linabaki jambo la lugha, ambalo mara nyingi hupuuzwa kwa kudhaniwa ni dogo. Mganga akimwambia "ini lina homa", mgonjwa atasikia homa ya ini, na homa ya ini katika masikio ya watu ni ile inayoambukiza kwa damu na kwa unyumba. Atarudi kijijini atengewe sahani, na mkewe atazame kando. Akimwambia kuhusu manjano ya macho, atasikia homa ya manjano, ambayo ni maradhi mengine, ya ukoo mmoja na dengue na ya mbu yule yule, lakini yenye chanjo yake na hofu yake. Akisema safura, wazee watakumbuka minyoo. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa ini, ila mengi yamekwisha kukaliwa. Na kusema "kidingapopo limemkata maini" kungechekesha ukumbi wa mashairi na kumtisha mgonjwa bure.

Muuguzi anayekijua Kiswahili chake anaweza kuacha majina yote hayo kando, akakaa ukingoni mwa kitanda na kusema: "Shikamoo, kaka. Homa uliyopata ni ya mbu wa mchana. Imelichubua ini lako, nalo litajiponya lenyewe. Hutamwambukiza mkeo kwa kula naye. Usinywe pombe, usimeze dawa yoyote ambayo hatujakupa, na urudi baada ya wiki mbili tulipime tena."