Mdogo Wangu Anakanda Ng'ombe

Nilikuwa nyumbani Mtwara, na nimerudi na aibu yangu.

Mdogo wangu aliposema anaacha nafasi ya uhasibu akasomee afya ya mifugo LITA Madaba, nilicheka. Alikuwa ameona kwenye intaneti Wazungu wanaosomea masaji ya farasi na mbwa, tena wanalipwa. Nikamuuliza, "Sasa wewe utamkanda nani, pweza wa Msimbati?" Utani huo niliurudia mbele ya wajomba, wakavunjika mbavu. Ada nilikuwa nimeahidi kulipa mimi. Sikulipa. Mama akauza korosho zake.

Safari hii nimekuta mtamba wa Mama, pale Naliendele, amezaa kwa mara ya kwanza. Kiwele kimevimba, kigumu kama dafu, na ukimgusa tu anarusha teke. Mdogo wangu yuko likizo. Alinawa mikono, akaloweka kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akaanza kukanda taratibu huku akimnong'oneza. Matone ya kwanza ya kila chuchu aliyakamulia kwenye kikombe cheusi, akitafuta mabonge. Yakionekana, huo ni ugonjwa wa kiwele, na hapo kukanda peke yake hakutoshi, anaitwa daktari.

"Kaka, ukimtisha anabana maziwa," alinieleza. Akiguswa vizuri, ubongo wake unatoa homoni ya oksitosini, inasafiri kwenye damu, na baada ya dakika moja hivi maziwa yanashuka. Akiogopa, adrenalini inavuruga kazi yote. Ndiyo maana ndama hukipiga kiwele kwa kichwa anaponyonya. Mimi na digrii yangu nilikuwa sijui!

Na msidhani kusini ni korosho na samaki tu. Wafugaji walioondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi walielekezwa Lindi na ng'ombe wao. Kazi ipo, ila si ya kujitangazia: Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka wataalamu wa mifugo wasajiliwe na Baraza la Veterinari.

Mama alikuwa kwenye kigoda, kimya. Mwishowe akasema, "Nilipokuzaa wewe, bibi yako alinikanda na maji moto siku arobaini. Na yeye ungemcheka?"

Nikameza mate. Nikamuuliza mdogo wangu ada ya muhula ujao ni kiasi gani.

"Shika mkia kwanza," akasema.

Nikashika mkia.