Ufa wa Asubuhi

Kanuni ya Sieverts niliikariri kwenye desa usiku wa kuamkia pepa: haidrojeni inayoyeyuka ndani ya metali huwiana na kipeuo cha pili cha shinikizo la gesi, kwa kuwa molekuli hugawanyika atomu mbili kabla ya kuingia. Nikapata B+. Sikuwa nimeelewa kitu, jamani.

Nilikuja kuielewa fildi. Fundi aliniambia nivikaushe vijiti vya kuchomelea kwenye oveni, vimepata unyevu. Njaa inauma, nikampa vilevile, nikaenda kula. Akachomelea, mshono ukatoka safi kabisa. Kesho yake asubuhi, ufa pembeni mwa mshono.

Ule unyevu ulivunjika kwenye moto, ukatoa haidrojeni. Chuma kilichoyeyuka huimeza nyingi. Kikipoa hakina tena nafasi yake, nayo hunaswa humo hadi kipasuke. (Paladi ni kinyume, ikipoa ndiyo humeza zaidi. Hilo lilikuwa swali la nne.)

Msimamizi akamfokea fundi, akamkata posho ya siku mbili. Mimi nipo hapo hapo, kalamu mkononi. Fundi alinitazama mara moja tu, akaendelea kusaga mshono.

Kwenye ripoti niliandika: chanzo, unyevu. Jina sikuandika.