Si Kila Agugunaye ni Panya



Kuna neno ambalo washairi wetu wamelitumikisha kupita kiasi, nalo ni panya. Mla rushwa ni panya. Wapitisha magendo hupita njia za panya. Magari madogo ya abiria ya Dar es Salaam tuliyaita vipanya, na kile kidude cha kompyuta nacho ni kipanya. Sina ugomvi na upanuzi huo wa maana, kwani lugha iliyo hai haina budi kukua. Ugomvi wangu ni kwamba neno hili limewameza viumbe wengi waliokuwa na majina yao wenyewe, na sasa wote huitwa panya, mkubwa kwa mdogo, mwenye miiba na asiye nayo.

Mimi ni mkazi wa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama. Huku tunalima alizeti, mtama, uwele, mahindi na karanga, kwa hiyo wagugunaji ni majirani zetu, tupende tusipende. Nililisomesha somo la Kiswahili na lile la Baiolojia kwa miaka mingi, na nakiri kwamba neno wagugunaji hunipendeza. Limetoka katika kitenzi guguna, kama vile jina la kisayansi Rodentia lilivyotoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana hiyo hiyo.

Alama yao ni meno. Mgugunaji ana jozi moja ya meno ya mbele juu na jozi moja chini, nayo hayaachi kukua maisha yake yote. Upande wa mbele umevikwa gamba gumu, mara nyingi la rangi ya manjano iliyoiva. Upande wa nyuma ni laini zaidi, huwahi kulika, na hivyo jino hubaki na makali kama patasi. Hana chonge. Kati ya meno ya mbele na magego pana pengo tupu. Ukishika fuvu lenye alama hizo, umemshika mgugunaji, awe na ukubwa wa kidole gumba au wa mbwa.

Kwa kipimo hicho baadhi ya tunaowadhania hutoka nje ya ukoo. Sungura hayumo, maana nyuma ya meno yake ya juu amejificha jozi ya pili ndogo. Kalunguyeye ana miiba lakini mlo wake mkubwa ni wadudu, na meno yake ni ya kutafuna wadudu. Kirukanjia vilevile: pua ndefu iliyochongoka, macho madogo, harufu kali, kazi yake kula wadudu ndani ya nyumba bila kudai ujira. Watu humuua kwa kumwita panya, kisha hulalamika kwamba mende wamezidi. Pimbi wa mawe yetu haya ya Singida, ambaye Biblia ya Union humwita wibari na mtaani jina lake limegeuzwa tusi, kucha zake hufanana na kwato ndogo, na ndugu yake wa karibu ni tembo. Sange naye, yule mwenye pua kama mkonga, yumo katika ukoo huo wa tembo.

Wagugunaji wenyewe sasa. Panya wa darini mkia wake humzidi mwili kwa urefu, na masikio yake ni makubwa, membamba. Panya shamba mkia wake hulingana na mwili kwa urefu, na jike huweza kuwa na chuchu hadi 24. Hebu tafakari ni watoto wangapi hao. Yeye ndiye afukuaye mbegu za mahindi kabla hazijaota, na mkulima atakayetega mitego darini kwa sababu ya mbegu zilizofukuliwa shambani atakuwa amemhukumu asiyehusika. Tofauti ya majina hapa ni tofauti ya mavuno. Huweza kuwa hata tofauti ya uhai: Lushoto ilisumbuliwa na tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, na kujua ni panya yupi abebaye viroboto na alala wapi lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Panya buku ni mwingine kabisa. Ana mifuko mashavuni ya kubebea chakula, na nusu ya mkia wake kuelekea nchani ni nyeupe. Haoni vizuri, lakini pua yake haina mfano. Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafunza kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu 71, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza.

Nungunungu hatupi miiba kama mishale, wasikudanganye. Hurudi kinyumenyume kwa kasi na miiba ikabaki mwilini mwa adui. Ndezi huishi kwenye majani marefu karibu na maji, na walaji nyama wanamjua kuliko mimi. Kindi ni wa mitini, mkia wake manyoya tele.

Fuko ana macho madogo mno, na midomo yake hufunga nyuma ya meno, hivyo huchimba kwa meno bila kula udongo. Mwaka 2006 wanasayansi walipohitaji jina jipya la jenasi ya baadhi ya fuko wa Afrika, walichukua neno hilo hilo la lugha zetu za Kibantu, wakaliunga na neno la Kigiriki la panya, wakapata Fukomys. Sange pia: mwaka 1997 Jonathan Kingdon alipendekeza wanyama hao waitwe sengi kwa Kiingereza, jina lililotokana na lugha zetu. Wageni wanaazima huku wenyewe tunatupa.

Niliuona utupaji huo siku moja darasani, miaka michache kabla sijastaafu. Msichana wa kidato cha pili aliandika tarbia juu ya njaa, na katika ubeti wa tatu panya alikuwa akirukaruka kwa miguu miwili usiku katika shamba la karanga. Nikamuuliza ni panya gani huyo. Akasema, “Mwalimu, bibi anamjua kwa Kinyiramba. Mikono mifupi, miguu mirefu, mkia una manyoya meusi mwishoni, ukimmulika macho yanawaka. Huzaa mtoto mmoja tu. Ila Kiswahili hakina jina lake, ndiyo nikaweka panya.”

Sikuwahi kusikia hukumu nzito kama hiyo juu ya lugha niliyoifundisha. Nilimfungulia kamusi: kamendegere. Alilisoma mara mbili, kisha akahesabu kwa vidole, akanuna. Mizani tano. Panya ni mbili.

Hapo ndipo penye kisingizio chetu washairi. Twasema panya ni fupi, huingia popote. Lakini fuko ni mizani mbili, na ndezi, na kindi, na buku, na nungu, na sange. Tena kila moja lina kina chake, ambapo panya hutulazimisha kurudi kwenye -nya ileile. Ni kamendegere, kalunguyeye na kirukanjia tu wadaio nafasi kubwa.

Kesho yake alirudi na daftari. Ukwapi wa mshororo ule ulikuwa umebadilika: “Kamendegere kachimba.” Nilihesabu. Mizani nane.