Hati Husomwa kwa Macho

Tunapojadili haki za raia hutaja katiba, kura na mahakama. Ni nadra kutaja macho. Hata hivyo, mkataba, risiti ya kodi na maelekezo ya dawa huandikwa kwa herufi ndogo, na asiyeziona hubaki kutegemea uaminifu wa anayemsomea.

Mimi hufundisha Kiswahili mjini Jinja. Nilipofikisha umri wa miaka 44, niligundua jambo la ajabu: nikisimama nyuma ya darasa niliyaona maandishi ya ubaoni barabara, lakini kamusi niliyoishika ilinilazimu kunyoosha mkono wote. Huo si ugonjwa. Ndani ya jicho mna lenzi ambayo ujanani hubadilika umbo kwa wepesi ili tuone vitu vya karibu. Miaka inavyosonga, lenzi hiyo hukakamaa, na kuanzia miaka ya arobaini karibu kila mtu huanza kuona taabu kusoma. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa watu milioni 826 hawaoni vizuri karibu kwa sababu hawajapata msaada wa tatizo hili.

Msaada wenyewe si wa namna moja. Ipo miwani ya kawaida ya kusomea, ambayo ndiyo rahisi kuliko yote. Ipo miwani ya sehemu mbili, juu ya kutazamia mbali na chini ya kusomea, na ile ambayo nguvu yake huongezeka polepole bila mstari wa kugawa kioo. Zipo pia lenzi zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe, na upasuaji wa kuweka lenzi bandia. Hizo huhitaji gharama kubwa na uangalizi wa daktari. Mimi nilichagua ya sehemu mbili, maana mwalimu hutazama kitabu na darasa kwa wakati mmoja.

Lakini ni Mbale, kwa jamaa zangu, nilikoona thamani kamili ya vioo hivyo. Mjomba wangu, karani mstaafu anayekijua vyema Kiingereza cha mikataba, alikuwa akiuza sehemu ya shamba lake. Mnunuzi alileta hati, akaisoma kwa sauti, kisha akasema, “Mzee, yote umeyasikia. Weka sahihi tu.”

Mjomba aliisogeza hati mbali, akaikaribisha, akaiweka chini. “Mali bila daftari hupotea bila habari,” alisema. “Na daftari nisiloliona ni la nani?”

Kesho yake tulikwenda mjini, akapimwa macho, akanunua miwani yenye nguvu ya +2.50. Jioni aliisoma hati mstari kwa mstari. Walikuwa wamekubaliana kuwa mpaka uishie kwenye migomba. Hati ilisema uishie kijitoni. Kati ya migomba na kijito ndiko iliko mibuni yake yote. Sikujua kama lile lilikuwa kosa la kalamu au hila, na mjomba hakuuliza. Alitaka hati iandikwe upya, nayo ikatiwa sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Mjomba hakukosa elimu wala ujasiri. Alikosa vioo viwili tu. Mwenye umri kama wake na apimwe na mtaalamu badala ya kubahatisha miwani sokoni, kwa kuwa kipimo hicho huweza pia kufichua mtoto wa jicho au glakoma, maradhi ambayo miwani ya kusomea haiyatibu.

Nanyi vijana, mkiombwa kumsomea mzee hati, msiruke hata neno moja. Bora zaidi, muulizeni kwanza miwani yake iko wapi. Kama hana, hati inaweza kusubiri.