Tezi Nne za Mzee wa Leso

Mwezi uliopita tabibu mmoja kijana aliona kovu kwenye mkunjo wa shingo ya jamaa yangu, mama anayesafishwa damu, akaandika kwenye faili kwamba amewahi kutolewa rovu. Nilimweleza kwamba mama huyu hakuwahi kuwa na rovu. Alitolewa tezi za parathairoidi. Akaniuliza kwa adabu, "Mama, hizo kazi yake ni nini?" Mimi ni muuguzi mstaafu wa wagonjwa wa figo, na swali lile liliniuma.

Enzi zetu hukuweza kufanya kazi chumba cha mashine usizijue tezi hizo, maana wagonjwa walikuwa wakipinda mbele ya macho yetu. Chumba chenyewe kilinuka formalini. Vichujio vilikuwa ghali, kwa hiyo baada ya kila kikao tulivisuuza, tukavijaza formalini, tukavibandika jina la mwenyewe na kuvipanga rafuni vingoje zamu yake nyingine. Kabla ya kuvitumia tena tulivisuuza na kupima, tukapima tena, kuhakikisha dawa ile imekwisha. Harufu iliingia kwenye nywele na kwenye sare, ikanifuata hadi ndani ya matatu. Nikiinusa leo mahali popote, yananijia majina ya rafu ile kwa mpangilio wake, pamoja na sauti za wenyewe.

Jina la kwanza rafu ya juu lilikuwa la muuza leso wa mtaa wa Biashara, Mombasa. Wote tulimwita Mzee wa Leso. Alianza kwa kuwashwa. Alijikuna mgongo kwa fimbo ya yadi aliyopimia vitambaa, na ngozi ikabaki na michirizi. Kisha macho yakawa mekundu, kisha mifupa ikaanza kuuma: nyonga, mbavu, visigino. Wapo wenzetu waliosema mzee anadeka. Siku moja aliniambia, "Sista, meza ya dukani inapanda." Kumbe ni yeye aliyekuwa akifupika. Eksirei ya mkono wake ilionyesha mifupa ya vidole imelika upande wa gumba, na ncha zake zimeyeyuka.

Figo ikifa, fosfeti hukosa pa kutokea na vitamini D haipati wa kuiamsha, hivyo kalsiamu ya damu hushuka. Tezi nne za parathairoidi, zilizojificha shingoni nyuma ya thairoidi, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya kila moja ni kama punje ya mchele, huitikia kwa kumwaga homoni, na homoni hiyo huchota kalsiamu mifupani. Miaka ikipita tezi huvimba, na mwisho wake hazisikii amri yoyote. Ili kuipunguza fosfeti, Mzee aliacha maziwa, maharage, dagaa na soda nyeusi. Kwa nia hiyo hiyo alitafuna tembe za kalsiamu katikati ya kila mlo. Waliomtangulia walipewa dawa ya alumini, hadi ilipobainika kwamba alumini yenyewe inaharibu mifupa na ubongo. Kwa Mzee kilichobaki kilikuwa kisu.

Ilikuwa 1994. Daftari langu linaweza pia kusomeka 1995, tuliache hilo. Niliomba ruhusa nikaingia chumba cha upasuaji. Daktari wetu, mtu mzima aliyesomea Uingereza, alizipata tezi tatu bila shida, lakini ya nne haikuwapo mahali pake. Huku akiitafuta alitusimulia. Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Sweden, alizieleza tezi hizi kwa binadamu mwaka 1880. Felix Mandl wa Vienna alifanikiwa kumpasua mgonjwa wa tezi hizo mwaka 1925. Stanbury na wenzake wa Manchester, mwaka 1960, walichapisha habari za kuwatolea wagonjwa wa figo sehemu kubwa ya tezi na kubakiza kidogo. Kisha miaka ya 1970 Samuel Wells wa Marekani akazitoa zote na kupandikiza vipande kwenye msuli wa mkono, ili zikileta udhia tena mtu apasuliwe mkononi, asirudiwe shingoni. Akatueleza pia ya nne ingeweza kuwa wapi: tezi za chini hushuka pamoja na tezi nyingine iitwayo thaimasi mtoto akiwa tumboni, na baadhi hupitiliza hadi kifuani. Ya Mzee ilikutwa humo humo ndani ya thaimasi. Vipande vikapandikizwa kwenye mkono usio na fistula, yaani usiochomwa sindano za mashine.

Alipozinduka, daktari alimtaka aseme lolote, maana neva ya sauti inapita karibu sana na mahali pale. Mzee akataja bei ya leso, jozi moja. Tulishangilia.

Usiku ndio ulikuwa mzito. Mifupa iliyonyonywa kwa miaka huanza kujirudishia chake mara tu homoni inapokatika, na kalsiamu ya damu huporomoka. Midomo ilimfa ganzi, vidole vikajikunja. Nilimgonga polepole shavuni, mbele ya sikio, pembe ya mdomo ikaruka. Tulimtundikia dripu ya kalsiamu, nami nikakaa nikiutazama mshipa, kwa sababu ikivuja nje huunguza nyama. Tulipima damu, tukaongeza dozi, tukapima tena hadi kunakucha, na hivyo kwa siku kadhaa. Kabla hatujamruhusu kwenda nyumbani aliniambia amelala usiku kucha bila kujikuna. Kimo hakikurudi, lakini alirudi dukani kwa miguu yake, akaendelea kuja kwenye mashine kwa miaka, hadi moyo ulipomshinda.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Vichujio vikawa vya kutupwa. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha sinakalseti, tembe inayotuliza tezi hizi, nzuri kwa mwenye uwezo wa kuinunua. Mwaka 2015 bima ya taifa ikaanza kulipia vikao viwili kwa wiki, mashine zikaenea kaunti nyingi, na watu ambao zamani wangekufa wako hai. Ninashukuru kwa moyo wote. Lakini kikao cha saa 4 huondoa gramu 1 hivi ya fosforasi iliyo ndani ya fosfeti, au pungufu, na mlo wa siku moja waweza kuleta kiasi kicho hicho. Kadiri wagonjwa wanavyoishi, ndivyo tezi zinavyozidi kuvimba. Miongozo ya kimataifa inataka homoni hiyo ipimwe kila miezi 3 hadi 6 kwa anayesafishwa damu. Ninakutana na watu wenye miaka mingi kwenye mashine ambao hawajapimwa hata mara moja, na wakilalamika kuwashwa hupewa losheni. Wengine hufika kwa daktari wa upasuaji nyonga ikiwa imeshavunjika. Kwa hiyo jamaa wa wagonjwa wakinijia, ninawaandikia jina la kipimo kwenye karatasi na kuwaambia wakidai. Wakijibiwa kwamba hakimo kwenye malipo, waulize bei yake, waipeleke kwa ndugu, na wachange.