Bwana Wangu Ni Mtu wa Sono

Wengi wenu mnanijua kama mwalimu wa watoto wenu. Wachache wanajua kwamba bwana wangu ni mtu wa sono. Ndiye yule anayekaa nyuma ya meza yenye vifundo vingi, karibu na jenereta, wakati ninyi mnacheza kwenye ndoa. Sauti ikiwa nzuri, hakuna anayemwangalia. Mikro ikipiga filimbi, watu wote wanageuza shingo. Alikuwa akifanya kazi hiyo mbele hatujaoana. Leo nataka kuwaambia namna tunavyoishi nayo, na jambo moja lililoingia nyumbani mwetu nasi tukachelewa kuliona.

Kazi ya sono haimlishi mtu akikaa mahali pamoja. Siku ya posho kuna ndoa Beni. Juma linalofuata kuna kampeni ya injili Oicha, siku tatu mfululizo. Kisha kwaya inatoa kanda yake Kasindi, au kuna kilio cha mtu mkubwa Lubero. Zamani alishuka mpaka Kirumba na Kanyabayonga, na mara moja alifika Goma kwa Festivali Amani, ile iliyoanza mwaka wa 2014, ili aone tu namna wenzake wanavyopanga vyombo. Tangu Kanyabayonga ilipochukuliwa na M23 mwezi wa 6 mwaka 2024, hapokei tena kazi za upande huo.

Anapotoka, anatoka alfajiri, ukungu wa Butembo ukiwa bado chini. Mabafle yanapakiwa kwenye Fuso, yanafunikwa hema, yanafungwa kamba. Mikro na ile meza yake havipandi Fuso. Anavibeba mwenyewe kama mtoto mchanga, maana barabara yetu inatikisa kila kitu, na matope yakishika gari mnaweza kulala hapo. Akifika, anashusha, anapanga, anajaribu: moja, mbili, moja, mbili. Sherehe inaanza mchana, inaendelea mpaka usiku. Watu wakienda kulala, yeye anakunja nyaya. Analala juu ya masanduku, kwa sababu waya mmoja ukiibiwa, kazi ya juma lijalo imekufa. Barabara za huku hatuzitembei usiku. Tuko chini ya hali ya kuzingirwa tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, na hata bila hiyo, ninyi wenyewe mnajua ni nani wanaongoja porini.

Mwanamke wa mtu wa namna hiyo anajifunza kungoja. Tulikuwa na mapatano: akipita Kabasha anapiga simu, akipita Maboya anapiga simu. Mimi niko darasani, simu iko mfukoni, inatetemeka, ninaendelea kuandika ubaoni moyo ukiwa umetulia. Siku isipotetemeka, watoto wananiuliza: "Mwalimu, mbona unarudia mstari uleule?"

Tumepita mengi pamoja. Wakati wa Ebola, toka mwezi wa 8 mwaka 2018, alinawa mikono na kupimwa joto kwenye kila kizuizi. Mwezi wa 3 mwaka 2020 Corona ikaja. Serikali ikafunga masomo na kukataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Mimi sina darasa, yeye hana sherehe. Mabafle yakakaa chumbani yakiwa meza ya kuwekea sahani. Nilidhani hayo ndiyo magumu tuliyopangiwa.

Kumbe lingine lilikuwa limeanza zamani, polepole.

Kwanza niliona kwamba akirudi safari anakuwa mtu wa kimya. Nikimsemesha kutoka jikoni, hajibu. Mtoto wetu mdogo akilia usiku, yeye analala tu. Ninaamka mimi, kila siku mimi, na asubuhi nina wanafunzi zaidi ya 50. Masika wetu, mwenye miaka 12, akamwambia: "Papa, kesho tunafunga masomo." Akamjibu: "Sawa, pangeni vizuri." Masika akaondoka amenuna. Nami, wamama, nilifikiri mabaya. Nilifikiri barabara imempa nyumba ingine. Nikamwambia maneno ambayo leo nayaonea haya. Nilimwambia, "Wewe unasikiliza watu wa Kasindi, watu wa kwako hauwasikilizi." Hakunijibu hata neno hilo.

Jioni moja nilikuwa ninampa Masika imla nyumbani, maana mtihani ulikaribia. Yeye akasema kwa mchezo, "Na mimi nipeni kibao." Tukacheka. Nilikuwa nimewapa mgongo, ninakoroga sombe, ninataja maneno kumi. Nilipogeuka kusahihisha, Masika alikuwa na kumi juu ya kumi. Papa alikuwa na sita. Niliposema "kisu" ameandika "kitu". Niliposema "shoka" ameandika "choka". "Fimbo" imekuwa "wimbo", na "saa" imekuwa "taa". Masika alicheka sana. Mimi sikucheka. Mwalimu anajua tofauti ya mtoto asiyejua kuandika na mtoto asiyesikia. Asiyejua anaandika neno vibaya. Asiyesikia anaandika vizuri neno lingine.

Nikaketi mbele yake, nikayataja tena maneno yale manne akinitazama. Akayaandika yote sawasawa. Hapo nikafahamu kwamba kwa muda mrefu bwana wangu alikuwa akisoma midomo yetu. Ndiyo sababu sauti ya jikoni ilimpita.

Watoto walipolala akanieleza. Alikuwa na mlio masikioni, kama nyenje wa usiku, tangu kampeni moja ya siku tatu alipokaa katikati ya mabafle mawili. Alidhani utaisha, haukuisha. Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akasema: "Mama Masika, mtu wa sono asiyesikia, nani atamwita?" Nilikosa jibu. Mshahara wangu mnaujua. Minerali ya Masika na dawa za mama yake, vyote vinatoka kwenye yale mabafle.

Tulikwenda hospitali kupima. Mganga alituonyesha karatasi yenye mstari ulioshuka upande mmoja kama mlima. Akatueleza kwamba ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana, kama 15 000 katika kila sikio, ndivyo vinavyopokea sauti. Sauti kubwa inavilaza kama mvua ya mawe inavyolaza maharagwe. Vikisimama tena, mtu anapona. Vikifa, kwa mwanadamu haviote tena. Vinavyotangulia kufa ni vya sauti nyembamba: s, f, sh, t, na sauti za wanawake na watoto. Jenereta aliendelea kulisikia vizuri. Waliopotea tulikuwa sisi.

Nililia njiani. Sikulilia sikio tu. Nililia ile miaka niliyomhukumu.

Sasa nawapa hesabu ambayo nimewaandikia pia wanafunzi wangu wa mwaka wa sita. Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya ya kazi kule Marekani wanasema mtu anaweza kukaa kwenye desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Ikiongezeka 3 tu, muda unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni dakika 30, 100 ni dakika 15. Mbele ya mabafle ya ndoa 100 inafikiwa bila shida. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliomba kumbi na sherehe zisipite wastani wa desibeli 100, na watu wapewe vizibo vya masikio na mahali pa utulivu pa kupumzikia. Hesabu ingine inatusaidia: nje uwanjani, ukiwa mbali mara mbili, sauti inapungua karibu desibeli 6. Mama aliye hatua 5 toka kwenye bafle, akirudi nyuma mpaka hatua 10, muda wake wa salama unaongezeka mara nne. Hatua zenyewe hatuzilipii hata franka moja.

Kwa hiyo nawaomba, wamama wenzangu. Mtoto wa mgongoni asikae mbele ya bafle, hata kama ndipo mahali pa heshima pa mama wa bibi harusi. Masikio yakilia baada ya sherehe, huo ni ujumbe, msiuzoee. Pamba tupu haitoshi. Tafuteni vizibo vya kweli. Mwimbaji akisema hajisikii, tusipandishe tu sauti. Bwana wangu anasema mara nyingi inatosha kusogeza mikro mbali na bafle, kwani ule mlio mkali unakuja sauti ya bafle inapoingia tena kwenye mikro, inazunguka, inakua. Na mtoto anayeitwa mkaidi darasani, mpeni imla mkiwa mmempa mgongo mbele ya kumpiga.

Na sisi? Bado yuko barabarani. Hakuacha, na mimi sikumwomba aache. Anavaa vizibo, meza yake ameisogeza mbali na mabafle, na sauti nyembamba anamwachia mdogo wake, shemeji yangu, azirekebishe. Kwa wateja wengine amesema ukweli. Mmoja hakumwita tena. Wengine wanaendelea kumwita. Mlio uko palepale, na usiku hasa unamsumbua.

Nyumbani tumejifunza adabu mpya. Tunamgusa bega kwanza, halafu tunasema. Masika anamsomea uso kwa uso. Usiku mtoto akilia, ninampiga kiwiko taratibu, naye anaamka kweli, anambeba. Kumbe hakuwa mvivu.

Pembeni ya barabara, motari na malori zikipiga kelele, simu haisikii tena vizuri. Tumeacha kupigiana, tunaandikiana. Juzi alikuwa anarudi toka Beni, mimi niko darasani mbele ya ubao. Simu ikatetemeka mara moja: "Kabasha." Baadaye mara ya pili: "Maboya." Nikafuta ubao, nikaendelea na somo.

Mama Masika, mwalimu, Bulengera