Saa ya Ramani na Saa ya Miono



Leo tunakiri kosa. Tuliahidi kufikisha gauni Miono saa saba mchana, tukafika saa tisa na robo. Na ndoa ilikuwa baada ya Alasiri.

Sisi tunashona Unguja. Tulivuka na boti siku moja kabla, tukalala Bagamoyo kwa shangazi. Asubuhi tukatazama ramani ya simu: saa moja na dakika 40. Tukampigia mama wa bi harusi, "Saa saba tupo hapo." Hata In shaa Allah hatukusema. Saa tano tukaondoka.

Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami. Kwa mwendo wa 80 ni dakika 48. Lakini njiani kuna vijiji, na kijijini mwisho ni 50. Ukienda hivyo njia nzima ni dakika 77. Pale Msata tukaingia barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, tukakaa nyuma ya malori. Tukavuka mto Wami, na Mandera tukaiacha lami. Usiku kulinyesha. Gari ikazama. Tukashuka na mabuibui yetu kusukuma, gauni limebaki peke yake kiti cha nyuma.

Ramani hizi hupima umbali, kisha huangalia mwendo wa simu zilizomo ndani ya magari yanayopita. Barabara ya Dar ina simu nyingi. Njia ya udongo yenye magari machache, ramani haina wa kumuuliza, hukisia tu. Kijana wa bodaboda pale Mandera hakukisia. Alitutazama matairi akasema, "Mama zangu, kwa matope ya leo, saa nzima hiyo."

Kiuno cha gauni tulikiacha na pini ili tumalizie mwilini mwake. Ndoa ikapita msikitini, sisi bado tuna sindano mkononi. Bwana harusi alipokuja kupeana mkono, bi harusi alimpokea na pini sita mgongoni, hawezi kugeuka. Alitabasamu, lakini macho yalikuwa mekundu. Tulirudisha fedha ya mshono. Mama yake alisema neno moja tu: "Wanangu, si mngetuuliza? Njia hii tunaipita sisi."

Surat Al-Kahf inatufundisha tusiseme tutafanya jambo kesho bila kulifunga na apendalo Mwenyezi Mungu. Sisi tulilifunga na simu. Na hata fundi mwanafunzi anajua kwamba kitambaa hakikatwi sawasawa na kipimo cha mwili. Unaacha nafasi ya mshono. Safari nayo inataka nafasi yake.

Basi bi harusi, fundi, mpambaji au mpishi wako akikwambia "ramani inasema", muulize: lami inaishia wapi? Jana kulinyesha? Adhuhuri mtaswali wapi? Kisha mpe namba ya mtu wa huko anayeijua njia.

Sisi sasa, In shaa Allah, gauni linalala kwa bi harusi usiku wa kuamkia ndoa. Tukichelewa, tunachelewa jana yake.

Mwenyezi Mungu awajaalie ndoa zenye kheri na mapenzi. Amin.